Anueni Nguo, Mpira Unaanza

Mimi mpira siupendi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia jinsi nilivyosimulia mechi za Uingereza miaka ile pale Makadara, hudhani nilizaliwa na filimbi mdomoni. Nilizaliwa Ukambani, nikasoma hadi kidato cha pili, nikaolewa, nikaletwa Nairobi, nikapata kazi katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area, na tangu hapo sikukaa kitako mpaka miguu yenyewe ilipokataa. Mpira uliingia maishani mwangu kama mgeni anayekuja na mizigo yake yote bila kuuliza kama kuna nafasi.

Tulikaa katika nyumba za baraza la mji, nyuma ya Barabara ya Jogoo. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko dogo lililobanwa pembeni. Nyumba kadhaa zilitazama ua mmoja, na katika ua huo tuligawana mfereji mmoja, choo kimoja na waya mmoja wa kuanikia nguo. Waya huo ulianzia kwenye dirisha letu ukaishia kwenye ukuta wa choo, na ndio uliokuwa chanzo cha maneno yote.

Jumamosi kiwandani tulifanya kazi nusu siku. Nilifika nyumbani na vumbi la sufu likiwa bado kwenye nywele na puani, nikakuta nguo za wiki nzima za mume, watoto na mimi mwenyewe zikiningoja kwenye beseni. Nilifua nikiwa nimesimama, maana nikikaa nasinzia. Nikamaliza kuanika, nikaomba Mungu atoe jua. Lakini jua likianza tu kuinama, sauti ya mwanamume mmoja ingesikika ua mzima: "Anueni nguo, mpira unaanza!"

Waya ule ndio uliokuwa antena ya redio yetu. Mume wangu alikuwa amenunua redio kubwa ya mbao yenye kushika stesheni za mbali, akaunganisha uzi wa shaba kutoka mgongoni mwake, kupitia dirishani, hadi kwenye waya wa nguo. Nguo mbichi zikiwa juu, walisema, sauti ya Mwingereza inazama. Kama ni kweli au si kweli sijui. Wanaume wa ua waliamini hivyo, na hapakuwa na mwanamke aliyeweza kushinda kesi hiyo. Kwa hiyo kila Jumamosi, msimu mzima wa mpira wa Uingereza, tulianua nguo zikiwa bado zinadondoka maji, tukazitandaza juu ya vitanda na migongo ya viti. Nimelalia mashuka yenye unyevu miaka mingi kwa sababu ya watu wa nchi ya mvua, kana kwamba mvua yao haikuwatosha.

Mume wangu alikuwa mkalimani kortini. Mshtakiwa akisema kwa Kikamba, yeye anamwambia hakimu kwa Kiingereza. Hakimu akijibu, yeye anamrudishia mshtakiwa. Kabla ya kuanza kazi hiyo alikuwa amesimama mbele ya watu, akainua mkono wa kulia, akaapa kutafsiri kila neno kama lilivyo. Haongezi, hapunguzi. Maneno hayo alikuja nayo hadi nyumbani. Nikimtuma, "Mwambie mwanao akitaka kula atanawa mikono," yeye alimwambia mtoto neno kwa neno, kwa uso ule ule wa kortini, halafu mtoto akijibu ujeuri, ananirudishia ujeuri wote bila kuupunguza hata kidogo. Nikimkasirikia, anasema, "Mjumbe hauawi." Nikamwambia hauawi, lakini chakula ananyimwa.

Wanaume wa ua walipenda mpira wa Uingereza kwa namna ambayo sikuielewa. Majina ya timu waliyajua kutoka magazeti yaliyofungiwa sukari, na filamu za mechi zilizochezwa zamani walikuwa wakizitazama katika ukumbi wa mtaa. Lakini mtangazaji wa redioni alizungumza Kiingereza cha mbio, na Kiingereza cha jirani zetu kilisimama kwenye neno "goli." Hapo ndipo mume wangu alipopata kazi ya pili isiyo na mshahara. Alipiga goti kando ya stuli ya redio, sikio likigusa kitambaa cha spika, akafumba macho, akaanza.

Na alijua kusema. Hakusema tu fulani amepiga, fulani amekosa. Alisema upepo unatoka upande gani, majani ni mabichi kiasi gani, watu wa upande wa kushoto wanaimba na wa upande wa kulia wamenyamaza. Mtangazaji akikohoa, yeye anasema, "Mtangazaji amekohoa." Watu waliangua kicheko, lakini yeye hakuwa akichekesha. Alikuwa kazini. Sauti yake ilikuwa nene na ya polepole, na nilipokuwa jikoni nikikoroga ugali niliisikia hata kama sikutaka. Usiku wa kuposwa niliisikia sauti hiyo kabla sijauona uso, na nikasema ndiyo kwa sababu yake. Sikuwahi kumwambia.

Jambo moja lilikuwa likiwasumbua jirani zetu: hakuna aliyejua mume wangu anashabikia timu gani. Jirani wa nyumba ya pili, mtu wa magharibi aliyefanya kazi kiwanda cha sabuni, mwenye kifua kipana na kicheko kipana zaidi, alimchokoza kila wiki. "Karani, wewe ni wa wapi? Sema tu, hatutakuuma." Mume wangu alijibu kwamba mkalimani hana ndugu kortini. Hata mimi niliyelala naye sikujua.

Mwaka ule, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni mafua ya Nairobi. Nikampa tangawizi, nikampa asali, nikampa maji ya chumvi asukutue. Ikazidi. Kabla ya mvua za masika kuanza, alikuwa akinong'ona tu. Daktari alimtazama kooni kwa tochi, akasema kuna uvimbe, akaandika dawa ambazo uso wake mwenyewe haukuziamini. Kortini walimpa likizo ya ugonjwa. Walisema watangojea kidogo, lakini kesi hazingoji, na palikuwa na kijana mmoja aliyekwisha kuanza kukaa kwenye kiti chake.

Mume wangu akakaa nyumbani. Nilimwacha asubuhi ameketi kitandani na shati lake la kazi limepigwa pasi, nikamkuta jioni ameketi pale pale. Jirani walimpenda, walikuja kumjulia hali, lakini mazungumzo na mtu anayenong'ona huchosha, na wengine wakaanza kupiga kelele kana kwamba yeye ndiye kiziwi. Wengine walianza kuniuliza mimi habari zake yeye akiwa amekaa hapo hapo. Jambo hilo lilimuuma kuliko koo.

Jumamosi moja nilikuwa nimeinamia beseni akaja akanigusa bega. Akaninong'oneza sikioni kwamba leo kuna mpira, na kwamba anataka mimi niwe mdomo wake. Yeye atasikiliza, ataniambia, mimi nitawaambia watu.

Nilikasirika. Nilikuwa na sabuni hadi viwikoni na mgongo ulikuwa unawaka moto. Nikamwambia, "Baba watoto, nimesimama kwenye mashine tangu asubuhi. Nguo zenyewe hujui zitakauka lini. Sasa unataka nisimame tena niwaambie wanaume wazima mpira umekwenda wapi?"

Kunong'ona kulimchosha, kwa hiyo alikuwa akichagua maneno yake kama mtu anayechagua mchele. Akasema: "Hakimu hajui Kikamba. Mshtakiwa hajui Kiingereza. Wote wawili wanamwamini mtu wa katikati. Nataka kujua kama neno langu likipita kwako bado litaaminiwa. Likiaminiwa, basi mimi bado niko."

Nikakamua shuka, nikaanua zile nilizokuwa nimeanika, nikafuta mikono.

Wiki za kwanza zilikuwa aibu. Yeye alininong'oneza maneno mengi: mpira umetoka kwa kipa, umekwenda kwa yule mfupi wa kulia, amemzunguka mmoja, amemzunguka wa pili, ameupiga juu, mwenzake ameruka, kichwa chake kimeukosa kwa upana wa kiganja. Mimi nikatoa kichwa mlangoni nikasema, "Wamekosa."

"Ebu shemeji!" akalia yule wa kiwanda cha sabuni. "Karani ameongea dakika nzima, wewe unatupea neno moja? Hizo zingine umeweka wapi?"

"Nimechoka," nikamjibu. "Hizo zingine zilikuwa za kukosa pia."

Walicheka. Mume wangu hakucheka. Alinitazama kwa macho ya kortini, nikajua nimepunguza. Lakini mimi nilikuwa na yangu. Watu walipochoka kunisikiliza walianza kuongea wao kwa wao, wengine wakainuka wakaenda kutafuta pombe. Kila stuli iliyoondoka mbele ya mlango wetu nilimwona mume wangu akiihesabu kwa jicho. Nikaona vibaya. Nikaona vibaya, lakini bado nikapunguza, maana mtu hapati nguvu mpya kwa kumwonea mwenzake huruma tu.

Ikaja siku ya fainali ya kombe lao, mwezi wa Mei. Ua ulijaa. Walikuja hata watu wa nyumba za mbele, na mchongaji wa nyumba ya mwisho, Mkamba mwenzetu, akaja na kinyago chake na patasi ili mikono isikae bure. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nguo za kila mtu zilikuwa mbichi, na wanawake tulizianua tukiguna. Mke wa yule wa kiwanda cha sabuni alikuwa na mtoto mchanga na nepi zake zote zilikuwa maji. Naye alizianua, akaziweka kwenye karai, akakaa akizitazama.

Walicheza timu ya jezi nyekundu na timu ya jezi za njano. Hayo ndiyo niliyowaambia watu. Wale wa njano wakafunga bao la kwanza, na kabla ya mapumziko wakafunga la pili. Ua mzima, kwa sababu nisizozijua, ulikuwa wa njano siku hiyo. Walipiga sufuria. Yule wa kiwanda cha sabuni alicheza na beseni langu kichwani. Kipindi cha pili kikaburuta miguu. Mume wangu aliendelea kunong'ona kila mpira, na mimi niliendelea kusema "Bado," "Wamekosa," "Umetoka nje." Watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

"Hii mpira imeisha," akasema yule wa sabuni, akikunja kiti chake. "Mbili bila, dakika tano zimebaki. Hata mama yangu angezilinda hizo."

Mkewe aliposikia imeisha, akainuka na karai lake. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Mtoto alikuwa amefungwa kanga na kanga yenyewe imelowa. Akaanika nepi zote kwenye waya, kutoka dirishani kwetu hadi chooni. Redio ikaanza kuvuma kama mafuta yaliyotiwa maji. Wanaume walikuwa wamefika katikati ya ua wakishikana mabega na kuimba.

Mume wangu akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa ameweka sikio kwenye spika kabisa, shavu limebonyea. Akanong'ona: "Wekundu wamepata moja."

Nikatoka mlangoni. "Wekundu wamepata moja," nikasema.

"Asante shemeji," akasema mmoja, "ya kufutia machozi." Wakaendelea kuimba.

Nikarudi ndani. Mkono wake ulikuwa bado umeninyooshea. Akanivuta hadi sikio langu likagusa midomo yake. Alisema yule kiungo wa wekundu ameuchukua mpira, akampita beki, akampita mwingine, akausukuma polepole chini ya kipa, ukaviringika wenyewe hadi wavuni. Mbili kwa mbili. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka bila sauti, meno yote nje.

Hapo ndipo nilipojua. Miaka yote ile alikuwa wa wekundu. Alikuwa ametangaza mabao ya kuwafunga, wiki kwa wiki, kwa sauti ile ile nene ya polepole, na hakuna aliyewahi kusikia ufa. Nilisikia uchungu na nikasikia kumpenda, vyote kwa mara moja, na sikuwa na nafasi ya hata kimoja.

Nikatoka mbio. "Mbili kwa mbili!"

Wakanicheka. Si kicheko kibaya, lakini kilikuwa kicheko. "Wacha mchezo, shemeji," akasema yule wa sabuni. "Saa hizi ndio umeanza kutuonyesha maringo? Jioni yote ulikuwa unatupea bado-bado, sasa ati mabao mawili kwa dakika mbili?"

"Hiyo redio haishiki kitu," akasema mwingine. "Si unasikia inavuma tu? Karani anasikia mafuta yakikaangwa."

"Anasikia vizuri kuliko wewe," nikasema. Lakini nilijua wana haki ya kuniona mwongo. Nilikuwa nimewazoesha maneno ya mkato, na mtu akizoeshwa makombo, siku ukimletea sahani atauliza umeiba wapi.

Nikasikia kitu nyuma yangu. Mume wangu alikuwa ametoka mlangoni. Alikuwa na shati lake la kazi, miguu peku, magoti yana alama ya sakafu. Akawatazama wote. Aliinua mkono wa kulia, kiganja mbele, kama alivyoinua siku ile alipoapa.

Mchongaji ndiye aliyeinuka kwanza, akaweka patasi chini. Kisha yule wa kiwanda cha sabuni akalivua beseni langu kichwani. "Pole Karani," akasema. "Mbili kwa mbili." Mkewe, bila kuambiwa, akaanza kuziondoa nepi kwenye waya, lakini zilikuwa nyingi na mtoto alikuwa analia. Wanaume wakarudi mbio wakipanga viti upya.

Mume wangu alikuwa ameshapiga goti tena. Redio bado ilikuwa inavuma. Mimi nilisimama juu yake na sikusikia neno hata moja, na watu wa nje ndio kabisa. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na uzi ule mwembamba unaotoka Uingereza. Nikaona uso wake unabadilika. Furaha iliondoka polepole, kuanzia kwenye macho, hadi mdomo ukafunga.

Akanitazama. Nje walikuwa wanauliza, "Sasa? Sasa?" Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema redio imekufa. Watu wangekwenda kulala na mbili kwa mbili yao, ambayo yeye mwenyewe aliitolea kiapo, na jambo lingine lolote wangelisikia kwa taarifa ya habari, si kwake. Baada ya miezi ile yote ya kukaa kitandani, jioni moja ya kushinda isingemdhuru mtu.

Akanivuta, akaninong'oneza yote, mwanzo hadi mwisho. Wa njano wamefunga la tatu.

Na safari hii nikasema yote. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nilisimama mlangoni nikiwa nimechoka, nikawaambia kwamba wekundu walikuwa bado wanakumbatiana walipoanzisha mpira upya wale wa njano. Kwamba mpira ulikwenda upande wa kushoto, ukainuliwa juu, ukapita juu ya kipa aliyekuwa amenyoosha mikono akashika hewa. Kwamba huko mbali kwenye mlingoti wa pili alitokea mtu mmoja mwenye nywele nyingi za kujisokota, akateleza kwa mguu, na mpira ukaingia. Nikawaambia mtangazaji mwenyewe amepoteza maneno. Nikawaambia upande mmoja wa uwanja wanaimba na upande wa pili wamenyamaza, watu wazima wamekaa chini na vichwa mikononi.

Hakuna aliyecheka. Waliniamini nilipokuwa bado sijamaliza. Yule wa kiwanda cha sabuni akasema polepole, "Huyo ni Karani anaongea," na wengine wakaitikia. Niligeuka nikamwona mume wangu kando ya stuli, ametia kichwa mikononi kama wale wa uwanjani, na sikuwaambia watu kwa nini.

Walipoondoka, wakiwa na furaha isiyoelezeka, nilimletea chai. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunyamaza? Hata kidogo tu, mpaka wakalale."

Akacheka kile kicheko chake kisicho na sauti. "Ningefungwa," akanong'ona.

Jumatatu alikwenda kortini na miguu yake mwenyewe, akawaambia yule kijana aachiwe kiti. Nilifikiri atarudi amevunjika, lakini alirudi na sukari na mkate. Alisema neno lake limepita kwangu likaaminiwa, kiti cha korti hakihitaji tena. Mimi ndiye niliyelia, jikoni, nikisingizia makaa.

Daktari alishauri aondoke kwenye moshi wa Industrial Area uliokuwa ukitufikia kila asubuhi. Akarudi nyumbani Ukambani, kwa mama yake. Mimi nikabaki, kwa sababu watoto walikuwa shuleni na kiwanda ndicho kilichokuwa kikitulisha. Redio aliiacha. Nilimwambia aibebe, akakataa, akasema redio ni ya ua, ua haujasafiri.

Kwa hiyo Jumamosi nikawa mimi. Nilipiga goti mwenyewe kando ya stuli na Kiingereza changu cha kidato cha pili, ambacho mwanzoni kilikuwa kikiachwa nyuma na mtangazaji kama mzee anayefukuza basi. Nisichokielewa nilisema sijakielewa. Watu walizoea. Nguo nilianua mwenyewe kabla ya kuambiwa.

Baadaye filamu ya ile fainali ilionyeshwa katika ukumbi wa mtaa, na ua mzima ulikwenda kuitazama. Televisheni ya ukumbi haikuwa ya rangi. Wekundu walikuwa kijivu na wa njano walikuwa kijivu kilichofifia kidogo, na hakuna aliyejua nani ni nani mpaka mpira ulipoingia. Tukiwa tunarudi, yule wa kiwanda cha sabuni alitembea nasi hadi mlangoni pangu, kisha akasema, "Shemeji, yako ilikuwa na rangi." Nilipompelekea mume wangu maneno hayo, alifurahi kuliko alivyofurahia dawa nilizombebea.

Nilikwenda kila mwisho wa mwezi. Nilifika nimechoka, miguu imevimba, nikakaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake, na kabla sijanywa maji alitaka mpira. Mechi za mwezi mzima. Nilimsimulia moja baada ya nyingine, naye akisikiliza amefumba macho, kama alivyokuwa akisikiliza redio. Nikiruka kitu, kidole chake kiligonga ukingo wa kitanda. Sijui alijuaje kwamba nimeruka. Mama yake alidhani tunaongea mambo ya shamba.

Mwezi wa mwisho, wekundu walifungwa vibaya. Mabao manne, wao hawakupata hata moja. Nilikuwa nimewatangazia watu mechi hiyo, na iliniuma kwa sababu nisiyoweza kuwaeleza. Nilipokuwa nafunga mizigo ya safari, yule wa kiwanda cha sabuni alikuja mlangoni. Alikuwa amekwisha kubahatisha. Nadhani aliuona uso wangu kwenye bao la tatu. Akasema kwa sauti ya chini, "Karani ni wa wekundu, eh? Mwambie tu walishinda. Huko nyumbani nani atamwambia?" Lilikuwa neno la upendo. Nilikwenda nalo safari nzima, nikiligeuza, na kila nikiligeuza lilizidi kuwa tamu.

Nilimkuta amepungua sana. Hata kunong'ona kulikuwa kumekwisha. Macho tu ndiyo yaliyobaki na kazi. Yalinifuata kutoka mlangoni hadi kwenye kigoda. Nikakaa, nikasema, "Baba watoto, wekundu walicheza..." nikaishia hapo.

Akainua mkono wa kulia. Haukupanda mbali, ulitoka kwenye blanketi ukafika usawa wa kifua. Nilidhani anataka maji. Nikachukua kikombe, akatikisa kichwa. Mkono ukabaki pale pale, kiganja mbele, na macho yake yakiutazama mkono wangu. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akiapa yeye.

Niliweka kikombe chini, nikainua wangu. Aliushusha wake, akafumba macho, akangoja. Wiki ile ile tulimzika, lakini siku hiyo sikuijua wiki hiyo. Nilijua tu kwamba nimechoka na kwamba mkono wangu uko juu. Nikamwambia wamefungwa. Nikamwambia upepo ulikuwa unatoka upande gani, na nani alikosea kwenye bao la kwanza, na jinsi la pili lilivyogonga mwamba kabla ya kuingia, na jinsi kipa alivyobaki amekaa baada ya la tatu. La nne nilichelewa kulisema. Akafungua jicho moja, akanisubiri, nikalisema.